Saa ya Chemchemi ya Atomu: Jinsi ya Kupunguza Makosa ya Masafa Yanayoletwa na Mwanga

Mada zinazounganishwa: mawimbi, mwendo wima chini ya mvutano wa dunia, muundo wa atomu, mnururisho wa joto, makosa ya vipimo.

Malengo. Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza jinsi saa ya chemchemi ya atomu inavyofanya kazi;
(b) kueleza kwa nini mwanga wa leza, ambao ni lazima kwa saa hii, huweza pia kuikosesha;
(c) kutofautisha kosa la kubahatisha na kosa la kimfumo;
(d) kutaja na kufafanua njia za kupunguza kosa la mwanga;
(e) kukokotoa maswali yanayohusiana na mada hii.

Maneno ya msingi

*Masafa:* idadi ya mitetemo inayokamilika katika sekunde moja. Kipimo chake ni hezi (Hz).
*Ngazi ya nishati:* kiwango maalumu cha nishati ambacho atomu inaruhusiwa kuwa nacho.
*Ombwe:* nafasi iliyoondolewa hewa.
*Fotoni:* chembe moja ya mwanga.
*Mikrowevu:* mawimbi ya jamii ya redio yenye urefu wa sentimita chache.

1. Sekunde hutoka wapi?

Kila saa huhesabu kitu kinachojirudia. Saa ya ukutani ya zamani huhesabu mizunguko ya pendulamu, na saa ya mkononi huhesabu mitetemo ya kipande cha kwatzi. Kwa karne nyingi saa kuu ya binadamu ilikuwa dunia yenyewe: siku iligawanywa katika saa 24, dakika 1,440 na sekunde 86,400. Tatizo ni kwamba dunia haizunguki kwa kasi isiyobadilika. Kujaa na kupwa kwa bahari, kunakosababishwa hasa na mvutano wa mwezi, huipunguza kasi kidogo kidogo.

Mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry walijenga saa ya kwanza ya seziamu iliyofaa kwa kazi, katika maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, Uingereza. Mwaka 1967 sekunde ilipewa maana mpya: muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho unaolingana na badiliko la atomu ya seziamu-133 kati ya ngazi mbili za nishati zilizo karibu sana.

Ngazi hizo mbili zinatoka wapi? Elektroni ya nje ya seziamu ina tabia ya sumaku ndogo, na kiini cha atomu vilevile. Sumaku hizo mbili zinaweza kupangana kwa namna mbili, na kila namna ina nishati yake. Tofauti ya nishati hizo (ΔE) huamua masafa (f) ya wimbi linaloweza kuihamisha atomu kutoka ngazi moja hadi nyingine:

ΔE = h × f

ambapo h ni kisichobadilika cha Planck. Kwa kuwa kila atomu ya seziamu-133 ni sawa na nyingine, iwe Braunschweig au Bagamoyo, masafa haya hayategemei fundi wala nchi. Sisi huanza kuhesabu saa alfajiri na wengine huanza usiku wa manane, lakini urefu wa sekunde ni uleule.

Zingatia: Fomula hiyo ndiyo ufunguo wa mada nzima. Kitu chochote kinachobadilisha ΔE, hata kidogo sana, hubadilisha f, na saa hukosea.

2. Kwa nini atomu hurushwa juu?

Ukitaka kujua kama nyuzi mbili za gitaa zinalingana, husikilizi kwa kufumba na kufumbua. Unaziacha zilie kwa muda ili tofauti ndogo ijitokeze. Saa ya atomu nayo ni hivyo. Mikrowevu inapolinganishwa na atomu kwa muda mrefu zaidi, tofauti ndogo zaidi ya masafa huonekana.

Norman Ramsey wa Marekani alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba si lazima mikrowevu iiguse atomu muda wote. Inatosha kuigusa mara mbili, mwanzo na mwisho, na kuiacha huru katikati. Upana wa jibu la atomu, yaani eneo la masafa ambalo atomu hulitambua, huwa takriban:

upana = 1 ÷ (2T)

ambapo T ni muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Kazi hiyo ilimpatia Ramsey Tuzo ya Nobeli mwaka 1989.

Katika saa za awali, atomu zilitoka kwenye tanuri dogo na kupita kwa mlalo kwa kasi ya kama mita 200 kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 1, T ilikuwa sekunde 0.005 tu, na upana ulikuwa Hz 100. Katika miaka ya 1950 Jerrold Zacharias alijaribu kuzirusha atomu wima kama maji ya chemchemi, ili zipande, zisimame na kurudi. Hakufanikiwa, kwa sababu atomu za kasi ziligonga zile za polepole ambazo ndizo zilizohitajika.

Suluhisho lilikuja kwa leza. Mwanga una msukumo. Leza ikiwekwa kwenye masafa yaliyo chini kidogo ya yale ambayo atomu huyafyonza, atomu inayoikimbilia leza huyaona masafa hayo yamepanda, kama vile king'ora cha gari la wagonjwa linalokujia kinavyosikika chembamba zaidi. Atomu hiyo hufyonza fotoni nyingi zinazoipiga usoni, nayo hupungua kasi. Miali sita ya leza kutoka pande sita huweza kuzipoza atomu hadi kiasi cha sehemu moja au mbili za milioni za kelvini, ambapo mwendo wake wa ovyo ni wa takriban sentimita moja tu kwa sekunde. Kwa kazi ya kupoza na kunasa atomu kwa leza, Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1997. Chu na wenzake walionyesha chemchemi ya kwanza ya atomu, kwa kutumia sodiamu, mwaka 1989. Chemchemi za seziamu zilifuata Paris, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mfano wa 1

Atomu za seziamu zinarushwa wima kwa kasi ya m/s 4.0. Chemba ya mikrowevu iko juu ya mahali pa kurushia, na atomu zinaipita kwa kasi ya m/s 2.5 zikielekea juu. Chukua g = m/s² 10.

(i) Kokotoa kimo cha juu kabisa kutoka mahali pa kurushia.
(ii) Kokotoa muda T kati ya kupita chemba mara ya kwanza na mara ya pili.
(iii) Kokotoa upana wa jibu la atomu.

*Jibu*

(i) v² = u² − 2gh. Kileleni v = 0, hivyo h = u² ÷ 2g = 16 ÷ 20 = m 0.8.

(ii) Muda wa kupanda kutoka chemba hadi kileleni = 2.5 ÷ 10 = s 0.25. Muda wa kushuka ni sawa na huo. Kwa hiyo T = s 0.5.

(iii) Upana = 1 ÷ (2 × 0.5) = Hz 1.

Linganisha: Hz 100 kwa saa ya mlalo, Hz 1 kwa chemchemi. Mruko wa chini ya mita moja umeboresha usikivu wa saa mara 100.

3. Mzunguko mmoja wa saa

Mzunguko mmoja huchukua kama sekunde moja. Tazama kwa makini safu ya mwisho ya jedwali hili.

| Hatua | Kinachofanyika | Leza |
|---|---|---|
| 1. Kunasa na kupoza | Miali sita huunda kijiwingu cha mamilioni ya atomu baridi | Inahitajika |
| 2. Kurusha | Masafa ya miali ya juu na ya chini hutofautishwa kidogo. Kijiwingu husukumwa juu | Inahitajika |
| 3. Kupita chemba mara ya kwanza | Mikrowevu huzigusa atomu | Haitakiwi kabisa |
| 4. Kuruka na kurudi | Atomu ziko huru katika ombwe | Haitakiwi kabisa |
| 5. Kupita chemba mara ya pili | Mikrowevu huzigusa tena | Haitakiwi kabisa |
| 6. Kusoma | Atomu humulikwa, huwaka, na zilizo katika kila ngazi huhesabiwa | Inahitajika |

Ikiwa masafa ya mikrowevu ni sahihi, atomu nyingi hukutwa zimebadili ngazi. Zikipungua, kompyuta huyarekebisha masafa hayo, na mzunguko huanza upya.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwanga huohuo unaoiwezesha saa kuwapo, katika hatua ya 1, 2 na 6, ndio unaoiharibu ukijitokeza katika hatua ya 3, 4 au 5.

4. Mwanga huikosesha saa kwa njia gani?

Wapo watahiniwa wanaofikiri kwamba mwanga hukosesha saa kwa kuzisukuma tu atomu nje ya njia. Kusukumwa kunaweza kutokea, lakini si hoja kuu.

Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Uga wake wa umeme hutetemeka, na unapoipitia atomu huzivuta elektroni upande huu na upande ule. Mvutano huo huhamisha kidogo ngazi za nishati za atomu. Kama ngazi zote mbili za saa zingehama kwa kiasi kilekile, ΔE isingebadilika na saa isingekosea. Lakini leza imewekwa karibu na masafa yanayofyonzwa na atomu zilizo katika ngazi ya juu ya saa. Kwa atomu zilizo katika ngazi ya chini, leza hiyohiyo iko mbali kwa takriban hezi bilioni 9. Kwa hiyo ngazi moja huhama sana na nyingine huhama kidogo. ΔE hubadilika, na f hubadilika pamoja nayo.

Ukubwa wa kosa hilo hufuata kanuni mbili:

• Huongezeka kadiri ukali wa mwanga unavyoongezeka.
• Hupungua kadiri masafa ya leza yanavyokuwa mbali na masafa yanayofyonzwa na atomu.

Kwa maneno mengine, kosa ∝ I ÷ D, ambapo I ni ukali wa mwanga unaoifikia atomu na D ni umbali wa masafa ya leza kutoka masafa ya atomu. Kanuni hii ni ya makadirio, nayo inatosha kwa mwanga dhaifu ambao hauko juu kabisa ya masafa ya atomu.

Mfano wa 2

Mwanga uliovuja umeyahamisha masafa ya saa ya seziamu kwa Hz 0.00001. Kokotoa kosa kama sehemu ya masafa yote.

*Jibu*

Kosa = 0.00001 ÷ 9,192,631,770 ≈ 1.1 × 10⁻¹⁵.

Namba hii huonekana ndogo mno. Lakini chemchemi bora hulenga 10⁻¹⁶, yaani kukosea sekunde moja katika takriban miaka milioni 300. Mvujo huo mdogo umeifanya saa kuwa mbaya mara kumi kuliko ilivyokusudiwa.

5. Kwa nini kurudia vipimo hakutoshi?

Sehemu hii huwapotezea watahiniwa wengi alama, hata katika maswali ya kawaida ya maabara. Wakiulizwa "Utapunguzaje makosa?", huandika: "Kwa kurudia kipimo na kutafuta wastani." Jibu hilo ni sahihi kwa aina moja tu ya makosa.

*Kosa la kubahatisha* huyumba: mara juu, mara chini. Vipimo vikiwa vingi, yanayozidi na yanayopungua huelekea kufutana. Kosa la wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, yaani √N.

*Kosa la kimfumo* huegemea upande mmoja kila mara. Mizani ambayo mshale wake hauanzii sifuri itamdanganya mnunuzi leo, kesho na mwaka ujao, hata apime mara elfu. Mwanga unaovuja kwa kiasi kilekile katika kila mzunguko ni kosa la aina hii.

Tuchukue saa ambayo kosa la kubahatisha la mzunguko mmoja ni 10⁻¹³, na mwanga uliovuja unaleta kosa la 5 × 10⁻¹⁶.

| Idadi ya mizunguko (N) | Kosa la kubahatisha | Kosa la mwanga |
|---|---|---|
| 1 | 10⁻¹³ | 5 × 10⁻¹⁶ |
| 100 | 10⁻¹⁴ | 5 × 10⁻¹⁶ |
| 10,000 | 10⁻¹⁵ | 5 × 10⁻¹⁶ |
| 1,000,000 | 10⁻¹⁶ | 5 × 10⁻¹⁶ |

Mizunguko 1,000,000 ni kazi ya siku 11 na nusu hivi. Mwanzoni kosa la mwanga limefichwa na kuyumba kwa vipimo. Mwishoni ndilo linalotawala, na kurudia tena hakulipunguzi. Hatari yake ni kwamba vipimo vyote vinakubaliana vizuri, na bado vyote vimekosea. Kwa hiyo kosa la kimfumo hutibiwa kwa kuondoa chanzo chake, au kwa kupima athari yake na kuitoa.

6. Njia za kupunguza mwanga unaovuja

(a) Shata. Hiki ni kibamba chembamba kinachofunga njia ya mwanga, kama kilivyo ndani ya kamera. Kikifunga vizuri, mwanga hukatika kabisa. Udhaifu wake ni kwamba huchukua milisekunde kadhaa kufunga, hutikisa meza ya vifaa, na huchakaa. Saa yenye mzunguko wa sekunde moja huhitaji shata ifunge mara 86,400 kwa siku, sawa na mara 31,536,000 kwa mwaka. Shata moja ikichelewa au ikikwama nusu wazi, saa haitasimama. Itaendelea kutembea ikiwa imekosea. Ndiyo maana inafaa kuweka shata zaidi ya moja katika njia moja, na kifaa cha kuhisi mwanga kinachotoa onyo.

(b) Swichi ya kioo na sauti. Mwali wa leza hupitishwa katika kipande cha fuwele kinachotikiswa na mawimbi ya sauti ya masafa ya juu sana. Mawimbi hayo huupinda mwali kuelekea njia inayotakiwa. Sauti ikizimwa, mwali haupindi tena, na huishia kwenye kizuizi. Swichi hii hufanya kazi haraka kuliko shata na haina sehemu inayochakaa. Udhaifu wake ni kwamba mwanga kidogo bado hupenya. Kwa sababu hiyo swichi na shata hutumika pamoja: swichi huzima kwa haraka, shata hukamilisha giza.

(c) Kuhamisha masafa ya leza. Kanuni ya kosa ∝ I ÷ D inatupa njia nyingine. Kama haiwezekani kupunguza I zaidi, ongeza D. Wakati atomu ziko angani, masafa ya leza husogezwa mbali. Kwa mfano, D ikiongezwa kutoka hezi milioni 15 hadi hezi milioni 1,500, mwanga uleule uliovuja huleta kosa dogo kwa takriban mara 100. Leza hurudishwa mahali pake kabla ya hatua ya kusoma.

(d) Mpangilio wa vifaa. Leza huwekwa kwenye meza ya pembeni, na mwanga huletwa kwa faiba, hivyo mwanga uliotawanyika mezani hauwi na njia ya kuingia kwenye saa. Eneo la kupozea na eneo la kusomea huwa chini. Chemba na bomba la kurukia huwa juu, na matundu yanayounganisha huwa madogo kiasi cha kupitisha kijiwingu tu. Nyuso za ndani zinazoweza kurudisha mwanga hupunguzwa. Vilevile, kijiwingu kipya hakipozwi wakati kijiwingu kilichotangulia bado kiko angani, isipokuwa kuwe na kinga ya kutosha kati yao.

Zingatia: Mwanga wa leza za seziamu una urefu wa wimbi wa nanomita 852. Hii ni infraredi, ambayo jicho huiona kwa shida sana au haiioni kabisa. Fundi hawezi kusema "ni giza" kwa kutazama tu. Lazima atumie kifaa cha kupimia.

7. Kupima kosa lililobaki

Giza kamili haliwezi kuthibitishwa kwa maneno. Mwanasayansi anapaswa kutoa namba: kosa la mwanga katika saa hii halizidi kiasi fulani. Lakini utapimaje kosa dogo lililozama ndani ya vipimo vinavyoyumba? Jibu ni kulikuza kwa makusudi, kulipima likiwa kubwa, kisha kuligawanya.

Mfano wa 3

Katika jaribio, shata zinaachwa wazi wakati atomu ziko angani. Masafa ya saa yanahama kwa sehemu 3.0 × 10⁻¹³. Kifaa cha kupima mwanga kinaonyesha kwamba shata zikifungwa, mwanga hupungua kwa angalau mara 10,000. Kadiria kosa la mwanga saa inapofanya kazi kwa kawaida.

*Jibu*

Kwa kuwa kosa linawiana na ukali wa mwanga:

Kosa ≤ (3.0 × 10⁻¹³) ÷ 10,000 = 3.0 × 10⁻¹⁷.

Kosa hili liko chini ya 10⁻¹⁶, kwa hiyo halitaizuia saa kufikia lengo lake.

Angalia mantiki ya jaribio. Kitu kimoja tu kimebadilishwa, yaani mwanga, na vingine vyote vimeachwa vilevile. Hiyo ndiyo kanuni ya jaribio la haki unayoijua tangu kidato cha kwanza.

8. Mwanga usiotoka kwenye leza

Tuseme leza zote zimezimwa na shata zote zimefungwa. Je, kuna giza? Hapana. Kila kitu chenye halijoto iliyo juu ya sifuri ya kelvini hutoa mnururisho. Kuta za bomba la saa zikiwa kwenye kelvini 300 huzimulika atomu kwa infraredi muda wote, na uga wa umeme wa mnururisho huo huhamisha ngazi za nishati. Kwa seziamu, masafa hupungua kwa takriban sehemu 1.7 × 10⁻¹⁴. Kosa hili huwiana kwa makadirio na T⁴, ambapo T hapa ni halijoto kwa kelvini.

Kuna njia mbili za kukabiliana nalo. Ya kwanza ni kupima halijoto ya kuta kwa uangalifu na kutoa kosa kwa hesabu. Ya pili ni kupoza kuta zenyewe. Saa ya NIST-F2 ya Boulder, Colorado, nchini Marekani, iliyotangazwa mwaka 2014, ilifuata njia ya pili: bomba la kurukia lilipozwa kwa nitrojeni kimiminika hadi takriban kelvini 80, sawa na nyuzi −193 za Selsiasi. Ilielezwa kuwa saa ambayo isingekosea sekunde moja katika miaka milioni 300.

Mfano wa 4

Kosa la mnururisho wa joto ni 1.7 × 10⁻¹⁴ kwenye kelvini 300. Kokotoa kosa hilo kwenye kelvini 80.

*Jibu*

Uwiano = (300 ÷ 80)⁴ = (3.75)⁴ ≈ 198.

Kosa jipya = (1.7 × 10⁻¹⁴) ÷ 198 ≈ 8.6 × 10⁻¹⁷.

9. Inatuhusu nini?

Mwanga na mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 katika nanosekunde moja. Simu inayotafuta mahali ilipo hupima muda ambao mawimbi yametumia kutoka kwenye setilaiti. Muda ukikosewa kwa nanosekunde 100, umbali hukosewa kwa kama mita 30, na hiyo inatosha kukuweka upande mwingine wa barabara au ndani ya maji badala ya bandarini. Setilaiti hazibebi chemchemi. Hubeba saa ndogo za atomu. Lakini chemchemi za maabara mbalimbali hutumika kusahihisha urefu wa sekunde katika muda wa dunia unaoratibiwa na ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris. Saa za Afrika Mashariki huwekwa kwa kuongeza saa 3 juu ya muda huo. Sekunde inayotumika Mombasa, Dodoma na Kampala inategemea, kwa sehemu, giza lililotunzwa vizuri ndani ya mabomba hayo.

10. Makosa ya kuepuka katika mtihani

• Usiandike kwamba leza ndiyo inayohesabu sekunde katika saa hii. Kinachohesabiwa ni mitetemo ya mikrowevu. Leza hupoza, hurusha na husoma.
• Usiandike kwamba wastani huondoa makosa yote. Taja aina ya kosa.
• Usiseme mwanga "huchelewesha" saa bila kueleza sababu. Anza na ngazi za nishati, endelea na ΔE, malizia na f.
• Usitumie nyuzi za Selsiasi katika fomula ya T⁴. Geuza kuwa kelvini kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Taja hatua tatu za mzunguko ambazo leza inahitajika, na tatu ambazo haitakiwi. (alama 3)
2. Eleza kwa nini kosa lisingetokea kama ngazi zote mbili za saa zingehamishwa na mwanga kwa kiasi sawa. (alama 2)
3. Atomu zinapita chemba kwenda juu kwa kasi ya m/s 3.0. Kokotoa T na upana wa jibu. (g = m/s² 10) (alama 4)
4. Mwanafunzi ana saa yenye kosa la mwanga la 2 × 10⁻¹⁵. Anapendekeza kuiendesha kwa mwaka mzima ili kosa liishe. Mshauri. (alama 3)
5. Toa faida moja na udhaifu mmoja wa shata, na faida moja na udhaifu mmoja wa swichi ya kioo na sauti. (alama 4)

Majibu kwa ufupi

1. Inahitajika: kunasa na kupoza, kurusha, kusoma. Haitakiwi: kupita chemba mara ya kwanza, kuruka na kurudi, kupita chemba mara ya pili.
2. ΔE ingebaki ileile; kwa kuwa f = ΔE ÷ h, masafa nayo yasingebadilika.
3. T = 2 × (3.0 ÷ 10) = s 0.6. Upana = 1 ÷ (2 × 0.6) ≈ Hz 0.83.
4. Kosa hilo ni la kimfumo, hivyo halipungui kwa kurudia vipimo. Azuie mwanga unaovuja, au ahamishe masafa ya leza mbali. Kisha akuze mwanga kwa makusudi ili apime kosa lililobaki.
5. Shata: hukata mwanga kabisa, huchakaa, hutikisa au huchelewa. Swichi: ni ya haraka na haichakai; huacha mwanga kidogo upenye.